Kaka anataka niweke saini "kwa nafasi zangu zote"

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tanga. Nakuandikia kwa sababu nyumbani sina wa kumuuliza. Kila ninayemwendea ana hisa katika jambo hili, au mumewe anazo.

Marehemu baba alikuwa na kampuni ya maghala. Alianza na ghala moja la mkonge, baadaye akaongeza mengine mawili na malori machache, na leo tunahifadhi mizigo ya wafanyabiashara wengi wanaotumia bandari yetu. Aligawa hisa mwenyewe akiwa hai, kwa maandishi, akatuita sebuleni akatusomea. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye mkurugenzi mtendaji, ana asilimia 35. Mdogo wetu wa mwisho, naye wa kiume, ana 25. Mimi nina 22. Kaka yetu wa pili alipewa 18.

Huyo wa pili alifariki kwa ajali mwaka 2019. Ukoo ukanipendekeza na mahakama ikaniteua kuwa msimamizi wa mirathi. Ameacha mjane na watoto wawili: wa kiume ana miaka 17, atatimiza 18 Desemba, wa kike ana 12. Asilimia 18 yao iko kwa jina langu mpaka leo. Gawio likitoka namtumia wifi yangu aliyeko Muheza, na sijawahi kubakiza hata senti. Hatujawahi kugombana.

Mimi pia ni mkurugenzi. Bodi ina watu wanne: kaka, mdogo wetu, mimi, na mzee mmoja rafiki wa baba ambaye ndiye mwenyekiti.

Mwaka huu amekuja mnunuzi kutoka Dubai anayetaka kampuni nzima. Bei yake si mbaya. Kaka ameahidiwa kubaki meneja kwa miaka mitatu baada ya mauzo. Hilo alitueleza kwa mdomo siku ya kikao cha familia, ila kwenye kumbukumbu za bodi sijaliona. Kabla ya mkataba wa mauzo wenyewe, mnunuzi anataka sisi wanahisa tusaini mkataba mdogo wa kumwunga mkono. Ndani yake tunaahidi kwamba kwa miezi tisa tutapiga kura ya ndiyo kwa kila kitu kinachohitajika ili auziwe, hatutamwuzia mtu mwingine, na hatutazungumza na mnunuzi mwingine yeyote.

Mkataba uko kwa Kiingereza, mimi nakupa maana yake. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kifungu kinachosema: "Mwanahisa anaweka saini Mkataba huu kwa nafasi yake ya mwanahisa peke yake. Hakuna chochote humu kitakachomzuia kutenda, au kutotenda, akiwa mkurugenzi au ofisa wa Kampuni." Wiki mbili baadaye kaka akanitumia rasimu ya pili kwa barua pepe. Kifungu kile hakimo. Mahali pake pameandikwa: "Mwanahisa anaweka saini kwa nafasi zake zote alizonazo katika Kampuni."

Nisingeshtuka kama si simu niliyopigiwa. Kampuni moja ya Dar es Salaam imeniuliza kama maghala yanauzwa, na mtu aliyepiga akadokeza kwamba wao wangepanda juu ya bei ya Dubai. Hawajaandika chochote. Nikaona, mimi kama mkurugenzi, bodi inapaswa angalau kusikia. Nilipomwambia kaka, alinijibu: "Ukishasaini, hilo halipo tena. Wewe ni mtu mmoja. Huwezi kukubali ukikaa kiti hiki halafu ukakataa ukihamia kile." Kusema kweli, sikuwa na jibu. Nami naona kama ni undumilakuwili kutoa ahadi kwenye karatasi kisha kwenda kwenye kikao kusema mengine.

Halafu juzi wifi yangu alinipigia. Akauliza swali moja tu: "Wifi, na hizo za watoto nazo zimo?" Nikafungua ukurasa wa pili, kwenye maana ya maneno. "Mwanahisa" ni mtu aliyetajwa mwishoni mwa mkataba, na "Hisa" zake ni zote zilizosajiliwa kwa jina lake, pamoja na anazozishika kwa niaba ya mtu mwingine, pamoja na atakazozipata baadaye. Nikamwambia ndiyo, zimo. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, nikajua kwamba si sawa.

Saini zinatakiwa mwisho wa mwezi. Kaka nilishamwahidi kwa simu kwamba nitasaini. Nikikataa nitaonekana nimevunja nyumba ya baba. Nikisaini sijui nitakuwa nimeuza nini. Je, sentensi moja kama hiyo ina uzito kweli, au nimejitia hofu? Na je, kaka ananizunguka?

Dada Mtu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukaa na jambo hili peke yako.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umeuliza maswali mawili ilhali hadithi yenyewe ina matatu. Umeuliza kama sentensi iliyofutwa ina uzito. Umeuliza kama kaka anakuzunguka. La tatu amelizungumza wifi yako, wewe ukalipitisha kama habari ya pembeni. Nitalifikia, na huko ndiko nitakakokaa sana.

Tuanze na maneno ya kaka, kwamba wewe ni mtu mmoja. Sebuleni kwa baba yako, ni kweli kabisa. Kwenye kampuni si hivyo, na si ujanja wa wanasheria wa leo. Mwaka 1887 Baraza la Malkia mjini London, lililokuwa likisikiliza rufaa za makoloni, liliamua kesi ya kampuni moja ya meli ya Kanada. Mkurugenzi aitwaye Beatty aliiuzia kampuni yake mwenyewe meli yake, United Empire. Kwa cheo cha mkurugenzi alikuwa amesimama upande wa muuzaji na wa mnunuzi kwa wakati mmoja, na hilo lilitosha kuuharibu mkataba. Lakini suala lilipelekwa kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, na huko Beatty akapiga kura ya ndiyo kwa hisa zake, ambazo ndizo zilizoamua. Mwanahisa mwenzake akashitaki. Baraza likasema kura ya mwanahisa ni yake, ana haki ya kuipiga hata kwa faida yake mwenyewe, ilimradi hakuna ulaghai wala uonevu. Mtu yuleyule, biashara ileile: akikaa bodini amefungwa, akikaa kwenye mkutano mkuu yuko huru.

Nchi yetu imo katika mkondo huohuo. Tanganyika ilipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema kwa manufaa ya kampuni. Haimtaki mwanahisa afanye hivyo. Ndiyo maana watu husema fulani amevaa kofia mbili. Kwa hiyo lile unaloliita undumilakuwili, nakuomba ulitazame upya. Kuahidi kura ya hisa zako, kisha ukaenda bodini na kuwaambia wenzako kwamba kuna mtu Dar es Salaam ameuliza bei, si kugeuka. Undumilakuwili ungekuwa kuificha simu ile.

Sasa sentensi yenyewe. Waandishi wa mikataba ya ununuzi wa kampuni, hasa Marekani, huiweka karibu kila mara mwanahisa anayesaini anapokuwa pia mkurugenzi. Mfano mmoja unaonyesha kwa nini, nao unatoka kwenye besiboli. Mwaka 1919 Charles Stoneham, mwenye hisa nyingi katika klabu ya New York Giants, aliwauzia sehemu ya hisa kocha John McGraw na hakimu mmoja wa jiji, Francis McQuade. Wote watatu wakaandikiana kwamba kila mmoja atafanya awezalo kuwabakiza wenzake kwenye ukurugenzi na vyeo vyao. McQuade alikuwa mweka hazina. Mwaka 1928 bodi ikamwondoa. Alikwenda mahakamani na mkataba wake mkononi, na mwaka 1934 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikamwambia hivi: wanahisa wanaweza kukubaliana watamchagua nani awe mkurugenzi, lakini hawawezi kukubaliana mapema ataamua nini akishakaa kwenye kiti. Watu watatu wazima, kati yao hakimu, walisaini ahadi ambayo nusu yake haikuwa na nguvu, kwa sababu hawakutenganisha nafasi zao.

Ona basi: sentensi ile haikuwekwa kwa ajili yako peke yako. Inamlinda mnunuzi pia, mkataba wake usije ukashambuliwa kwamba umewafunga wakurugenzi. Hili ndilo linalonifanya nisite kusema kaka anakuzunguka. Huenda ni yeye aliyeomba ifutwe. Huenda ni karani wa wakili aliyechukua kiolezo kingine. Huenda mnunuzi amesikia tetesi za Dar es Salaam na anataka kuziba kila tundu. Hujamuuliza mtu, au kama umeuliza hukuniandikia. Swali linaloweza kwenda kwa barua pepe, kwa heshima na bila kumtuhumu mtu, ni hili: "Kifungu cha nafasi ya mwanahisa kilikuwepo kwenye rasimu ya kwanza. Nani aliomba kibadilishwe, na kwa sababu gani?" Jibu litakuonyesha zaidi kuliko kukisia kwako usiku.

Ukisaini "kwa nafasi zako zote", mimi naona unajiweka mahali pabaya kwa pande zote mbili. Ukiongea bodini juu ya ofa nyingine, mnunuzi anaweza kudai umevunja mkataba. Ukinyamaza, siku moja mtu wa kampuni anaweza kuuliza kwa nini mkurugenzi alijua kuna bei kubwa zaidi akakaa kimya. Huenda mahakama ikasema ahadi hiyo haiwezi kukufunga kama mkurugenzi. Lakini kushinda kesi baada ya miaka mitatu ya mawakili si ushindi ninaomtakia mama wa watoto watatu.

Usiipe sentensi ile kazi isiyoiweza, hata hivyo. Hata ikirudishwa neno kwa neno, kura yako kwenye mkutano mkuu itabaki imefungwa kwa miezi tisa. Utaweza kuieleza bodi kuhusu Dar es Salaam, kisha ukaenda kwenye mkutano mkuu kupigia kura Dubai, kwa sababu ndivyo ulivyoahidi kwa kofia ile nyingine. Na wapo majaji waliotazama nyuma ya maneno. Mwaka 2003, katika kesi ya Omnicare na NCS Healthcare, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Delaware, Marekani, iliangalia wanahisa wawili wa NCS waliokuwa pia viongozi wa kampuni hiyo. Pamoja walikuwa na zaidi ya asilimia 65 ya kura, na walizifunga zote kwa mnunuzi mmoja, ingawa mnunuzi mwingine, Omnicare, alikuwa ameshapendekeza bei kubwa zaidi. Mahakama ilikataa mpango mzima, kwa sababu bodi ilikuwa imejinyima kila njia ya kutokea. Majaji waligawanyika watatu kwa wawili, na wanasheria wengi wameikosoa hukumu ile. Delaware si Tanga. Naitaja kwa sababu nyie watatu mkifunga asilimia 100 kwa saini za siku moja, bodi yenu itabaki na nini cha kujadili?

Kuna na kile kifungu cha kutozungumza na mnunuzi mwingine. Wale wa Dar es Salaam walikupigia wewe, kwenye simu yako. Walimpigia mwanahisa au mkurugenzi? Hawakujua wala hawakujali. Kabla hujasaini chochote, ingefaa simu ile iingie kwenye maandishi: barua fupi kwa mwenyekiti, tarehe, nani alipiga, alisema nini, ukiomba iwekwe kwenye ajenda. Ikishakuwa mikononi mwa mwenyekiti, si siri yako tena wala si mazungumzo yako. Bodi ndiyo itakayoamua ijibu au isijibu. Na kumbuka wale watu hawajaandika bei. Kudokeza hakugharimu kitu, na wapo wanaodokeza ili tu wajue mshindani wao anatoa ngapi.

Haya, nije kwa wifi yako.

Barua yako yote inapima nafasi mbili, mwanahisa na mkurugenzi. Lakini unayo ya tatu. Kwa asilimia 18 wewe si mwenye mali. Jina ni lako, kura unaipiga wewe, ila faida na hasara ni za warithi. Beatty alikuwa huru kupiga kura kwa faida yake kwa sababu hisa zilikuwa zake. Uhuru ule unao kwenye asilimia 22. Kwenye 18 huna. Pale unatakiwa ujiulize jambo hili linawafaa warithi au haliwafai, hata kama jibu halikufurahishi wewe wala kaka. Na uangalie: hata ile sentensi nzuri ya rasimu ya kwanza haikukulinda hapa. Ilitaja mkurugenzi na ofisa. Msimamizi wa mirathi haikumtaja kabisa, huku maana ya "Hisa" ikimvuta ndani kimyakimya kwa maneno "anazozishika kwa niaba ya mtu mwingine". Ungeweza kupigana wiki nzima mpaka kifungu kirudi, ukashinda, na hisa za marehemu zikawa zimefungwa vilevile.

Unaziita hisa za watoto. Sijui mirathi ile inafuata sheria ipi, lakini kama ni ya Kiislamu, mjane naye ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Thumuni ya 18 ni asilimia 2.25 ya kampuni. Inayobaki ni 15.75, kama marehemu hakuacha mzazi aliye hai, kijana ana 10.5 na dada yake 5.25. Kwa hiyo wifi yako hakuwa anaulizia mali ya wanawe tu. Alikuwa anaulizia na yake, kwa adabu, na akajibiwa kwamba imo ndani ya mkataba ambao hajawahi kuuona.

Kijana naye anatimiza miaka 18 Desemba. Ahadi ya miezi tisa mnayotaka kuisaini mwisho wa mwezi inaweza kumkuta ameshakuwa mtu mzima wa kudai chake mwenyewe, akiambiwa kura ya hisa zake ilishaahidiwa na shangazi. Labda atafurahi, bei ikiwa nzuri. Labda angependa kubaki na kipande cha kazi ya babu yake. Mpaka sasa hakuna aliyemuuliza.

Kisha niambie: mirathi ilifungwa? Msimamizi aliyeteuliwa chini ya sheria ya mirathi, Sura ya 352, hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Kwenye mahakama ya mwanzo muda ni mfupi zaidi, miezi minne. Tangu 2019 ni muda mrefu. Nchini kwetu wasimamizi wengi hukaa na mirathi wazi miaka na miaka kwa sababu hakuna ugomvi, na ugomvi hutokea siku pesa nyingi zinapoingia. Sikusemi vibaya, umetuma gawio kila mara, na hilo ni zaidi ya wanalofanya wengi. Lakini mikataba ya aina hii kwa kawaida huwa na ukurasa ambapo msaini anathibitisha kwamba ana mamlaka kamili juu ya hisa na hakuna mtu mwingine mwenye dai. Utafute ukurasa huo leo. Kwa 22 unaweza kusaini uthibitisho kama huo bila wasiwasi. Kwa 18, je?

Hapa kuna hesabu ambayo huenda itatuliza joto kidogo. Azimio maalumu, kama la kubadili katiba ya kampuni, linahitaji robo tatu ya kura zinazopigwa. Kaka na mdogo wenu pamoja wana 60, haitoshi. Ukiongeza 22 zako inakuwa 82. Inapita, hata hisa za marehemu zikipiga kura ya hapana. Maana yake ni kwamba ili mnunuzi awe na uhakika wa kura ya mkutano mkuu, hahitaji leo ahadi ya warithi. Anaihitaji siku ya kununua, kwa kuwa anataka asilimia 100, na hiyo siku bado.

Kwa hiyo njia si mbili, kusaini au kukataa. Unaweza kuomba usaini kwa asilimia 22 tu, kwa nafasi ya mwanahisa peke yake, maneno "anazozishika kwa niaba ya mtu mwingine" yakatolewa, na hisa za mirathi zikawekewa karatasi yake baada ya warithi kuzungumza na, ikibidi, mahakama kuombwa ruhusa. Hatari yake ni kwamba mnunuzi anaweza kuona familia imegawanyika akashusha bei, au akaondoka. Unaweza kusaini kwa zote mbili lakini katika mistari miwili ya saini, mmoja wako na mmoja wa msimamizi, ukiwa tayari umepata ridhaa ya mjane kwa maandishi. Hii itampendeza mnunuzi zaidi, ila ridhaa ya binti wa miaka 12 haipo, na mzigo wa kumwamulia utabaki kwako. Unaweza kusaini rasimu ya pili kama ilivyo, kwa amani ya nyumba. Wapo waliofanya hivyo na mauzo yakaenda salama, kila mtu akapata chake, hakuna aliyefungua tena karatasi. Siwezi kukuambia haitakuwa hivyo kwako. Naweza kukuambia tu ni nani atakayeulizwa ikiwa haikuwa hivyo. Na unaweza kusubiri. Kusubiri nako kuna gharama, kwa sababu ofa ya Dubai iko kwenye karatasi na ya Dar es Salaam iko hewani.

Usisahau kiti chako cha bodi kwenye mauzo yenyewe. Kampuni binafsi lazima katiba yake iweke mipaka ya kuhamisha hisa, na mara nyingi bodi ndiyo huidhinisha uhamisho. Isome katiba yenu. Kama ndivyo ilivyo, basi ile "kwa nafasi zake zote" inataka uahidi leo uamuzi ambao bodi haijaukalia.

Kuhusu kaka. Kupenda kwake mauzo akiwa mwanahisa hakuna kosa, hata akiyapenda kwa sababu ya kazi ya miaka mitatu. Akiwa mkurugenzi, kazi hiyo ni maslahi yanayopaswa kutajwa mbele ya bodi na kuandikwa. Yeye mwenyewe aliyataja kwenye kikao cha familia, kwa hiyo sioni dalili ya mtu anayeficha. Naona mtu anayechanganya sebule na bodi, kama familia nyingi zenye kampuni zinavyofanya. Pengine ukimwambia kwamba kuyaandika kunamlinda yeye, atasikia tofauti na ukimwambia kunakulinda wewe. Ahadi uliyompa kwa simu uliitoa kabla wifi hajauliza. Unaweza kuirudia ahadi hiyo mbele yake, kwa kile kilicho chako: "Kaka, hisa zangu nilikuahidi. Hizi nyingine si zangu za kuahidi." Atakasirika? Huenda. Unamjua wewe, mimi simjui. Kama kuna mtu anaweza kukaa kati yenu, naona ni yule mzee mwenyekiti, ambaye hana hisa na aliwajua mkiwa wadogo.

Jambo la mwisho ni wakili. Aliyeandika mkataba ni wa mnunuzi. Anayewashauri kwenye kampuni ni wa kampuni. Mpaka sasa hakuna anayesoma karatasi hizi kwa macho yako, na bado hakuna anayezisoma kwa macho ya warithi. Ukimpata wa kwako, mpelekee rasimu zote mbili, barua ya uteuzi ya mahakama na katiba ya kampuni kwa pamoja, maana kila moja peke yake itampa nusu ya habari. Na ukihitaji siku za ziada kupita mwisho wa mwezi ili uende Muheza kwanza, tarehe ile imewekwa na mnunuzi, na anayetaka kampuni nzima anaweza kuombwa wiki mbili.